Mtaa wa Levolosi na Kukua kwa Mji wa Arusha

Mji wa Arusha umesimama kusini ya mlima Meru, ambao kilele chake chapita mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Mito midogo ishukayo mlimani, kama vile Themi, Naura na Ngarenaro, hupita katikati ya mji ikielekea kusini, nayo tangu zamani imekuwa mipaka ya mitaa. Wageni wafikao huko kila mwaka ni wengi, lakini walio wengi huufanya mji kuwa kituo cha kulala usiku mmoja kabla ya kwenda mbugani kutazama wanyama. Wachache wapatao nafasi ya kuuona mji huonyeshwa vitu viwili: boma lililojengwa na Wajerumani, na mnara wa saa, ambao mapokeo ya mji husema kuwa upo nusu ya njia baina ya Cape Town na Cairo. Baada ya hayo huambiwa kwamba Arusha wameiona.

Makala haya yahusu upande mwingine wa mji ule ule. Magharibi ya boma kuna mtaa uitwao Levolosi, jirani wa Kaloleni, nao hauko mbali na soko la Kilombero na kiwanja cha michezo cha Sheikh Amri Abeid. Leo Levolosi ni kata mojawapo ya Jiji la Arusha. Hakuna ngome huko, wala kasri, wala kaburi la mfalme. Kuna njia zilizonyoka, nyumba zilizopangwa kwa safu, maduka madogo, kituo cha afya, na nyumba za kulala wageni ambazo wasafiri wasio na fedha nyingi wamezizoea. Mtu aweza kupita hapo kwa robo saa asidhani kwamba amepita mahali penye historia. Hata hivyo, atakaye kujua jinsi watu wa makabila mbalimbali walivyokuja kuwa watu wa mji mmoja, wakisema lugha moja, ataona habari zake kwa wazi zaidi katika mitaa ya namna hii kuliko katika boma.

Kabla ya boma

Kabla ya mwisho wa karne ya 19 hapakuwa na mji mahali paitwapo Arusha leo. Palikuwa na watu wa mlimani. Warusha, ambao lugha yao ni Kimaa, walikuwa wamehama kutoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, katika karne hiyo hiyo ya 19, wakakaa katika mteremko wa Meru ulio upande wa magharibi na kusini. Wameru walikuwa wametangulia kukaa upande wa mashariki, nao lugha yao ni ya Kibantu, jamaa ya Kichaga. Wote wawili walikuwa wakulima wenye ng'ombe, wakipanda migomba na mahindi, na kuchimba mifereji ya kuleta maji mashambani. Hivyo mlima mmoja ulikuwa na lugha mbili zisizokuwa na udugu hata kidogo, moja ya Kiniloti na moja ya Kibantu. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana ndilo lifanyalo habari ya Kiswahili katika Arusha kuwa tofauti na habari yake katika miji ya pwani. Huko pwani Kiswahili ni lugha ya wenyeji. Arusha kilikuja kama mgeni, kikawekwa baina ya wenyeji wawili.

Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri katika nchi ya Wameru. Serikali ya Wajerumani, iliyokuwa na kituo chake Moshi chini ya Kapteni Kurt Johannes, ililipiza kisasi kwa vita vilivyorudiwa, vikawaharibia Warusha na Wameru mashamba na mifugo. Mwaka 1899 ujenzi wa boma la Arusha ulianza, nao ulifanywa kwa kazi ya kulazimishwa ya watu walioshindwa. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Boma lilikamilika mwaka huo huo. Jengo lile lingali limesimama, na sasa ni makumbusho ya taifa ya viumbe na mazingira ya asili. Mgeni huingia humo kutazama wanyama waliokaushwa na mafuvu ya kale. Ni vema pia atazame kuta zenyewe, kwa kuwa hizo nazo ni ushahidi.

Boma halikuweza kuishi peke yake. Palihitajiwa askari, nao walitoka mbali, wengine Sudani na wengine bara. Palihitajiwa wapagazi, wapishi, waashi, makarani na wakalimani. Nyuma yao walikuja wafanya biashara, Wahindi, Waarabu na Wasomali, wakifungua maduka mbele ya boma. Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa, bali walikuwa na lugha moja ya kazi, nayo ilikuwa Kiswahili. Serikali ya Wajerumani nayo ilikitumia Kiswahili katika maandishi na amri zake. Basi katika mji ule mpya neno "Mswahili" halikuwa na maana ya mtu wa pwani tu. Lilikuwa na maana ya mtu wa mjini, asiyekuwa na kihamba wala shamba la mlimani, ambaye ndugu zake ni majirani zake. Maana hiyo ndiyo iliyozaa neno "uswahilini", ambalo hata leo hutumika kwa mitaa kama hii.

Mji wagawanywa

Mwezi wa Machi 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini yaliingia Arusha, na baada ya vita Tanganyika ikawekwa chini ya utawala wa Uingereza. Kugawanya miji katika kanda tatu kulikuwa kumekwisha anzishwa Dar es Salaam na Wajerumani kwa sheria ya ujenzi ya mwaka 1914, na Waingereza waliendelea na desturi hiyo katika miji ya Tanganyika. Yapasa kuangalia maneno ya kanuni hizo kwa makini. Hazikutaja sana rangi za watu. Zilitaja namna za nyumba. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za kukaa za namna ya Ulaya. Ya pili, nyumba za kukaa na kufanyia biashara. Ya tatu, nyumba za wenyeji. Lakini aliyeweza kujenga nyumba ya namna ya Ulaya kwa vipimo vilivyotakiwa alikuwa Mzungu, na aliyeachiwa kujenga kwa miti na udongo alikuwa Mwafrika. Kwa njia hiyo mji uligawanyika kwa rangi bila sheria kusema hivyo waziwazi, na watu wenyewe wakazipa kanda hizo majina yaliyosema ukweli bila kuficha: uzunguni, uhindini na uswahilini.

Katika Arusha uzunguni palikuwa mashariki, kando ya mto Themi, penye miti na bustani kubwa. Uhindini palikuwa katikati, kuzunguka soko. Waafrika walipewa upande wa magharibi, na humo ndimo ilimo mitaa ya Ngarenaro, Kaloleni na Levolosi. Ukitoka mnara wa saa ukaenda kwa miguu kuelekea magharibi, wapita katika kanda zote tatu kwa muda usiozidi nusu saa, na hata sasa, baada ya miaka zaidi ya 60 ya uhuru, waweza kuona mahali kila moja inapoishia. Viwanja vinakuwa vidogo, miti inapungua, nyumba zinasogeleana, na njia zinajaa watu.

Sababu ya watu kuongezeka upande huo ilikuwa njia ya gari moshi na mashamba. Reli itokayo Tanga, iliyokuwa imefika Moshi kabla ya vita, iliendelezwa mpaka Arusha mwaka 1929. Mashamba ya walowezi, ya kahawa na katani, yaliuzunguka mlima kama pete, na pete hiyo iliwabana Warusha na Wameru wasipate nafasi ya kushuka tambarare. Uchungu wa jambo hilo ulijulikana dunia nzima mwaka 1951, Wameru wapatao 3,000 walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili nchi yao wapewe Wazungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwatetea. Mtu wa mlimani aliyekosa ardhi, na mtu wa mbali aliyekuja kutafuta kazi ya mshahara, wote wawili walikutana katika vyumba vya kupanga vya upande wa magharibi ya mji. Wachaga, Wapare, Warangi, Wanyamwezi, Warusha na Wameru walikaa ukuta kwa ukuta. Hesabu za watu zaonyesha kukua huko. Mwaka 1957 Arusha ilikuwa na watu karibu 10,000. Mwaka 1967 walizidi 32,000. Na mwaka 2022 jiji lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 617,000.

Nyumba na desturi yake

Anayetaka kuisoma Levolosi aanze na nyumba. Nyumba ya zamani ya mitaa hii ni ile ijulikanayo kwa jina la nyumba ya Kiswahili. Mbele pana baraza. Mlango mmoja wafunguka katika ukumbi mrefu upitao katikati ya nyumba. Kulia na kushoto pana vyumba, kwa kawaida vitatu kila upande. Na nyuma pana ua, wenye jiko, choo na kisima au bomba, pengine na vyumba vingine vya uani. Kuta zilijengwa kwa miti na fito zikakandikwa udongo, na mwenye uwezo akazipiga lipu na chokaa. Paa la pwani ni la makuti, lakini Arusha, ambako minazi haioti, watu waliezeka kwa nyasi, kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na baadaye kwa mabati.

Nyumba hii ina asili ya pwani, nayo ilisafiri bara pamoja na misafara, askari na wafanya biashara mpaka Tabora na Ujiji, na kaskazini mpaka Majengo ya Pumwani katika mji wa Nairobi. Haikupendwa kwa kuwa rahisi tu. Ilipendwa kwa kuwa mwenye kipato kidogo aliweza kuijenga chumba kwa chumba, akakaa katika kimoja na kupangisha vingine, na kodi ya vyumba vile ikawa ndiyo akiba ya uzee wake. Wajane wengi na watu waliostaafu kazi katika miji ya Afrika ya Mashariki waliishi kwa kodi za namna hiyo. Hivyo nyumba moja ilikuwa makazi, na duka, na benki ya mtu ambaye benki zenyewe hazikumtambua.

Pia ilikuwa shule. Watu wa vyumba sita walitumia ua mmoja, jiko moja na bomba moja. Mchaga na Mrangi, Mwislamu na Mkristo, hawakuweza kuishi siku tatu katika ua mmoja bila kupata lugha ya kuombana chumvi, kuamulia watoto waliogombana, na kupeana zamu za kufagia. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, na watoto waliozaliwa uani walikifanya kuwa lugha yao ya kwanza. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilisanifisha tahajia na sarufi kwa ajili ya vitabu na shule. Ua wa nyumba ya Kiswahili ulifanya kazi ambayo kamati haiwezi kuifanya, yaani kuwapa watu sababu ya kuisema lugha kila siku. Baraza la mbele nalo lilikuwa na kazi yake. Mpita njia aliamkiwa, akakaribishwa, akaulizwa habari za atokako. Mgeni aliyepiga hodi hakuachwa mlangoni. Adabu hizo za pwani zilipandishwa mlimani pamoja na ramani ya nyumba.

Majina ya mahali

Majina ya mitaa na njia ni kumbukumbu nyingine ambayo msafiri aweza kuisoma bila kitabu. Ngarenaro ni jina la Kimaa, enkare narok, yaani maji meusi. Nalo lilikuwa jina la mto kabla ya kuwa jina la mtaa. Hali kadhalika Engare Nanyuki ni maji mekundu. Majina haya yashuhudia kwamba nchi ilikuwa na wenyewe kabla ya ramani ya mji kuchorwa. Sura ya jina Levolosi nayo si ya Kiswahili, ingawa wakazi wa leo hulitamka bila kufikiri kwamba ni geni.

Kaloleni ni jina la namna nyingine. Lipo Kilifi katika nchi ya Wagiriama, lipo Nairobi, lipo Moshi, na lipo Arusha. Hueleweka kuwa limetokana na kitenzi "lola", yaani tazama, na maana yake ni "nendeni mkatazame". Jina hili lilisafiri toka mji mpaka mji pamoja na watu, kama Majengo ilivyosafiri. Karibu na Levolosi pana mahali paitwapo Makao Mapya, nalo ni jina lisilohitaji mfasiri: latukumbusha kwamba mitaa hii ambayo leo huitwa ya zamani, ilikuwa mipya wakati fulani, na walioihamia waliona upya wake kuwa jambo la kutajwa. Tena pana njia ya Wachagga katika sehemu hizi, na katikati ya mji pana njia ya Waswahili na ya Wasomali. Upande mwingine liko jina la Unga Limited, mtaa ulioitwa kwa jina la kampuni ya kusaga unga. Mto, safari, kabila, kiwanda: katika majina manne au matano mtu apata muhtasari wa tarikhi ya mji mzima.

Jina la kiwanja cha michezo lahusu wapenzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Kabla ya hayo alikuwa mshairi, na kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kiliwafundisha watu wengi mizani na vina. Alifariki Oktoba 1964. Ni jambo la kufurahisha kwamba katika mji wa bara, chini ya mlima wa Wameru na Warusha, maelfu ya watu wanaokwenda kutazama mpira hutaja jina la mtunga sheria za ushairi.

Azimio katika mtaa wa jirani

Jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea katika mitaa hii lilitokea Januari 1967. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha tangu tarehe 26 mpaka 29 ya mwezi huo, katika jengo la kawaida la ustawi wa jamii huko Kaloleni, na ikapitisha azimio la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mabenki yalitaifishwa siku iliyofuata. Jengo hilo lilifanywa kuwa Makumbusho ya Azimio la Arusha mwaka 1977, na mbele yake, katika barabara ya Makongoro, ukajengwa mnara wa ukumbusho.

Mahali penyewe pana maana. Mkutano haukufanyika bomani wala uzunguni. Ulifanyika upande wa magharibi, katika mtaa waliokaa wapangaji wa vyumba, na azimio lenyewe liliandikwa kwa Kiswahili, lugha ya ua na baraza. Maneno azimio, ujamaa na kujitegemea yaliingia katika vinywa vya watu wa nchi nyingine yakiwa ya Kiswahili, bila kutafsiriwa. Katika mwaka huo huo vijana na wazee walitembea kwa miguu masafa marefu kuonyesha kwamba wanaliunga mkono. Rais Julius Nyerere mwenyewe alitembea Oktoba 1967 kutoka Butiama mpaka Mwanza. Kijana mmoja, Seth Benjamin, alifariki katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, na njia moja ya Arusha ina jina lake. Mgeni anayeusoma mji kwa miguu hana budi kujua kwamba yuko aliyekufa kwa kutembea.

Azimio lilikuwa na matokeo yake katika nyumba pia. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo iliipa serikali uwezo wa kuchukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi. Katika miji yote iliyoguswa sana ilikuwa sehemu za uhindini, zenye maghorofa ya mawe. Nyumba za miti na udongo, ambazo thamani yake haikukaribia kipimo hicho, zilibaki mikononi mwa wenyewe. Basi kile kile kilichokuwa alama ya unyonge wakati wa ukoloni, yaani udogo wa nyumba, kikawa ngao. Hiyo ni sababu moja iliyofanya mitaa kama Levolosi ibaki na wenye nyumba wa asili, na vyumba vilivyopita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto.

Hatima ya mtaa

Lakini ngao hiyo haitoshi tena. Tangu makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalipowekwa Arusha mwaka 1967, na hata baada ya Jumuiya hiyo kuvunjika mwaka 1977, mji umeendelea kukua. Na mkataba wa kuifufua ulitiwa sahihi papo hapo tarehe 30 Novemba 1999. Kiwanja kilicho karibu na soko na vituo vya mabasi kina bei ambayo baba wa mwenye nyumba hakuiota. Nyumba ya vyumba sita inabomolewa, na mahali pake panainuliwa ghorofa la hoteli au la maduka. Haifai kumlaumu auzaye. Aliyerithi chumba kimoja pamoja na ndugu saba, na mwenye watoto wa kusomesha, haulizwi kwa nini hakuhifadhi kumbukumbu ya taifa kwa gharama yake mwenyewe.

Lawama, kama ipo, yahusu namna tunayopima kitu cha kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa ni ukumbusho wa kulindwa majengo yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1863, ingawa waziri anaweza kutangaza na mengine. Kwa kipimo cha mwaka huo hakuna nyumba hata moja katika Arusha yote iliyo ya kale, maana mji wenyewe ulizaliwa miaka 36 baadaye. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, na ilistahili. Ile ni miji ya mawe na milango ya nakshi. Nyumba ya udongo ya Levolosi ni mjukuu wa nyumba zile, aliyepanda bara bila mawe wala nakshi, lakini akachukua ramani, baraza, hodi na lugha. Pengine urithi huo, ambao uliwaunganisha watu waliokuwa hawasikilizani, si mdogo kuliko nakshi.

Haiwezekani kuzuia mtaa mzima usibadilike, wala si haki kuwataka watu wakae katika kuta za udongo ili wageni wazitazame. Linalowezekana ni dogo zaidi. Nyumba mbili au tatu zilizo imara zaweza kupimwa, kuchorwa na kutunzwa kwa tangazo la waziri ambalo sheria imeliruhusu. Makumbusho ya Azimio, ambayo yako umbali wa dakika chache kwa miguu, yaweza kuwa na chumba kimoja cha kueleza maisha ya wapangaji waliouzunguka mkutano wa mwaka 1967. Wanafunzi wa shule za mji wanaweza kutumwa kwa wazee wa baraza, waandike habari za nani alifika lini, akitokea wapi, alipanga kwa nani, na walisema lugha gani siku ya kwanza kukutana bombani. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo ya haraka kuliko zote, kwa kuwa nyumba iliyoanguka yaweza kuchorwa kutoka katika picha, bali mzee akifariki hakuna pa kuchorea.

Kwa msafiri, ushauri ni mfupi. Akitoka bomani asirudi hotelini. Aifuate barabara ya Makongoro kuelekea magharibi, apite mnara wa Azimio, aingie Kaloleni na baadaye Levolosi wakati wa alasiri, jua linapopungua na watu wanapotoka barazani. Aamkie kwanza, kwa shikamoo mahali panapostahili. Akikaribishwa, aketi. Atasikia Kiswahili cha Arusha, chenye lafudhi ya Kimaa kwa huyu na ya Kichaga kwa yule, kikizungumzwa na watu ambao babu zao, kama wangalikutana mwaka 1899, wasingalielewana neno.